Alipaye Ada Amenunua Nini?

Kila mwaka ipatapo Oktoba, vyuo vikaribiapo kufungua milango, hapa Mchafukoge, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja hata Kariakoo, huonekana jambo lile lile. Wazazi huingia madukani pamoja na vijana wao, wakanunua godoro, ndoo, pasi, shuka mbili, na sanduku lenye magurudumu. Na katikati ya manunuzi hayo hutoka neno dogo ambalo wauza duka wote wamekwisha kulizoea: "Ada nalipa mimi." Husemwa kijana akitaka shuka ya rangi nyingine. Husemwa akitaka kukaa bwenini wala si nyumbani. Na husemwa kwa sauti kubwa zaidi akinena kwamba masomo aliyoandikiwa si yale aliyoyataka moyoni. Neno lenyewe ni la kweli, maana ada ni yeye aliyelipa, na wala hakuiokota njiani. Walakini yafaa tuulize: neno hilo likisha kusemwa, limethibitisha jambo gani? Mtu alipapo ada ya chuo, amenunua nini hasa?

Twauliza hivi kwa kuwa jibu lake ndilo liongozalo mwaka wa kwanza wote. Mzazi adhaniye kwamba amenunua kitu, hukilinda, hukikagua, na kikiharibika hukasirika kama mtu aliyeibiwa. Mzazi aliyekopesha hungoja. Mzazi aliyetoa zawadi hutenda vingine tena. Watatu hawa hupeleka fedha ile ile katika benki ile ile, na stakabadhi zao ni sawasawa. Lakini kijana mmoja amepata msaada, na mwingine amejitwika mzigo ambao hawezi kuutua wala kuuonyesha kwa mtu.

Sisi wa mjini hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta jambo hili. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi yetu hakikuzaliwa kule Mlimani. Kilizaliwa hapa kwetu, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la chama cha TANU, mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake 13 wote wakisoma sheria. Mwaka 1964 kikahamia kilimani. Tangu hapo vyuo vimetuzunguka kama nyumba za jirani. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianza mwaka 1965, kipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed; Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianza mwaka 1972, kipo Mtaa wa Shaaban Robert; Taasisi ya Teknolojia haipo mbali, na waganga wetu wafundishwa Muhimbili. Asubuhi vijana wenye mabegi mgongoni hupita mbele ya maduka yetu kwa mamia, na baba zao wengine wapo Bukoba, wengine Mbeya, wengine Masasi, wakihesabu siku.

Katika miaka mingi iliyofuata, mzazi hakuulizwa ada. Serikali ililipa mafundisho, chakula na malazi. Ni tangu miaka ya 1990 wazazi walipoanza kuitwa kuchangia, na mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005. Basi neno lile "Ada nalipa mimi" ni neno jipya katika vinywa vya baba. Babu zetu hawakuweza kulisema. Lakini yuko aliyelisema kwa niaba yao, naye ni Taifa lenyewe. Na kisa cha mwaka 1966 kinafaa kukumbukwa na kila mzazi, kwa kuwa kinatufunza kitu ambacho hakikukusudiwa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu. Walipinga amri ya kwamba kila amalizaye masomo makubwa alazimike kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na kwamba sehemu ya mshahara wake ikatwe kwa muda huo. Rais Nyerere aliwapokea na kuwasikiliza. Kisha alikasirika, akasema kwamba mishahara ya wakubwa imezidi, akaukata wa kwake mwenyewe palepale, na wanafunzi karibu 400 wakaondolewa masomoni, wakarudishwa makwao. Baadaye wengi wao walipokelewa tena.

Hoja ya Mwalimu yajulikana, maana aliirudia mara nyingi kwa mfano. Kijiji kina njaa. Watu wamempa mmoja wao chakula chote kilichosalia, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula. Huyo akila kisha asirudi, ni msaliti. Mfano huu una nguvu nasi hatuukatai. Hata hivyo tuutazame tena polepole. Wanakijiji wale walimpa mtu chakula kwa ajili ya safari, na wana haki ya kumngoja njiani. Lakini hakuna katika mfano huo mtu aliyemfuata nyuma akimwambia sasa weka mguu wa kulia, sasa wa kushoto, sasa usinywe maji hapa. Waliompa chakula walijua kwamba njia hawaijui. Kama wangaliijua wangalikwenda wenyewe.

Tena liko jambo la pili katika kisa hicho, nalo ndilo lililotufanya tukikumbuke. Aliyelipa ada ndiye aliyewafukuza wale vijana. Na kila kijana alipofika kwao na sanduku lake, mtu aliyefungua mlango alikuwa ni mzazi ambaye ada ile haikutoka mfukoni mwake. Hakuwa na stakabadhi. Hakuna aliyemwuliza kwa haki gani ampokea mwanawe, au kwa haki gani amkemea, kama alimkemea. Basi twaona kwamba haki ya mzazi haikutoka katika kulipa. Ilikuwapo kabla ya ada. Na kama haikutoka katika kulipa, mambo mawili yafuata, na yote mawili ni magumu kwa watu wa namna yetu. La kwanza, alipaye ada hajaongeza haki yoyote juu ya ile aliyokuwa nayo. La pili, asiyeweza kulipa hajapungukiwa hata chembe.

Hilo la pili tulitie mkazo, maana wengi huteswa nalo kimya. Wako wazazi hapa mjini, mama lishe, wapagazi wa sokoni, walinzi wa usiku, ambao watoto wao wasoma kwa mkopo wa Bodi. Mzazi wa namna hiyo huona haya kumwuliza mwanawe habari za masomo. Hujisemea, "Mimi nimuulize nini, nami sikumlipia?" Basi hukaa mbali, hungoja apigiwe simu, na mtoto naye huona kwamba nyumbani hawamjali tena. Ni hasara iliyoletwa na hesabu isiyo ya kweli. Moto ulipoteketeza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wako waliopoteza bidhaa zote ambazo zilikuwa ndizo ada za Oktoba. Je, siku ile walipoteza na uzazi wao?

Turudi sasa kwa yule alipaye, maana ndiye mwenye neno lake kinywani. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana desturi iitwayo mali kauli. Mwenye duka la jumla humpa kijana mzigo bila fedha, kwa neno la kinywa tu. Kijana huenda akauza, jioni au mwisho wa wiki hurudi na bei iliyopatanwa. Twaomba msomaji afikiri jinsi mwenye mali anavyotenda. Hamfuati yule kijana mitaani akimfundisha jinsi ya kuwaita wateja. Humchagua mtu vizuri kwanza, humweleza bei na siku, kisha humwacha. Akikawia humwita na kumwuliza. Akileta habari mbaya mapema, ya kwamba mvua imenyesha na watu hawakununua, hupewa siku nyingine. Akijificha, ndipo hukosana. Tajiri huyo haongozwi na upole. Ameona kwamba mali ikiisha kutoka dukani, kitu kimoja tu ndicho kinachomlinda, nacho ni kwamba kijana asiogope kurudi.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Kijana wa mwaka wa kwanza, hofu yake kubwa si mitihani. Ni kurudi nyumbani na habari mbaya. Na kila mara mzazi amtajiapo bei ya ada, huizidisha hofu hiyo. "Kumbuka nimeuza kiwanja." "Kumbuka mama yako hajanunua kitenge tangu mwaka jana." Husemwa kwa nia njema, ili atie bidii. Na kwa kijana afaulu vizuri labda maneno hayo hayadhuru sana. Lakini kwa yule anayeanza kuteleza yana kazi nyingine kabisa: humfunga kinywa. Ataanzaje kusema kwamba hisabati imemshinda, hali kiwanja kimekwisha kuuzwa?

Na mambo haya hutokea. Mwalimu ye yote wa vyuo vya mji huu aweza kusimulia habari za kijana aliyeshindwa mitihani ya mwaka wa kwanza, akaondolewa, wenyewe husema "amedisko", naye akaendelea kuamka asubuhi, kuvaa, kuchukua begi na kupanda daladala, akipokea fedha ya ada na ya kula mwaka mwingine mzima, mpaka siku watu wa kwao walipouliza tarehe ya mahafali. Watu husema: mwongo mkubwa, mwizi wa wazazi wake. Ni kweli amesema uongo, wala hatumtetei. Lakini na tuulize pia uongo huo ulikuwa ni njia ya kukimbia nini. Mtu hajengi ukuta mrefu namna ile mahali pasipo na kitu kinachotisha upande wa pili.

Deni la Bodi, kwa habari hiyo, ni jepesi kuliko la nyumbani. Latisha, ndiyo, mkopaji akipata kazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Lakini deni la Bodi lina tarakimu. Laandikwa kitabuni, kila mwezi lapungua, na iko siku mtu ataambiwa amemaliza. Deni la mzazi asemaye "nilikulipia" halina tarakimu, wala halina mwezi wa mwisho. Kijana aweza kujenga nyumba kijijini, kumwuguza mzazi, kusomesha wadogo zake watatu, na bado neno lile likasemwa tena siku ya harusi yake. Mwenye kukopesha kwa namna hii na aseme hesabu yake waziwazi. Na kama hawezi kuisema, basi akubali kwamba alichotoa kilikuwa zawadi, na zawadi haidaiwi. Kijana mwema atarudisha, tena zaidi ya alivyopewa. Twajua hivyo kwa sababu twaona kila siku watu warudishao. Lakini arudishapo aliyedaiwa, na arudishapo aliyependwa, mikono yao si sawa.

Sasa twasikia jibu la wazee, nalo ni jibu zito. Husema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ninyi mwataka tumwachie mtoto wa miaka 19 mji huu, pombe yake na kamari za simu, na sisi tukae tukinyamaza kwa sababu ati hatukununua kitu? Hapana, hatusemi hivyo. Mzazi ana haki ya kujua, na haki hiyo ni kubwa. Aulize masomo, aulize afya, aulize fedha imekwenda wapi, aulize na marafiki. Lakini haki ya kujua si haki ya kuamua, na wengi huzichanganya hizi mbili kwa hasara, maana azidishaye ya pili huipoteza ya kwanza. Mtoto aliyeamuliwa kila kitu hasemi tena kitu. Naye mzazi hudhani anatawala, kumbe haelewi hata mwanawe alala wapi.

Lichukue jambo la masomo yenyewe. Baba ataka udaktari au sheria. Mtoto ataka kilimo, au kufundisha shule. Ikiwa jambo hili halikusemwa wazi kabla ya kuomba nafasi, litasemwa Novemba kwa machozi, tena siku za kubadili masomo huwa chache na hupita upesi. Hapa twakumbuka kwamba jina la Kariakoo lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hata 1918, watu waliobebeshwa mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Tusingependa jina hilo lihamie kwa watoto wetu. Baba aliyetamani udaktari miaka thelathini iliyopita, akaukosa, ana huzuni ya haki; lakini huzuni hiyo haina budi kubebwa na mwenyewe.

Yafaa pia wazazi wafahamu jinsi mwaka huo ulivyo, maana wengi huupima kwa shule ya sekondari waliyoijua. Katika bweni la kidato cha sita kulikuwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya chakula, ya kusoma usiku, ya kuzima taa. Mwalimu alijua jina la kila mmoja. Chuoni hakuna kengele. Ukumbi mmoja waweza kuwa na mamia ya wanafunzi. Asiyehudhuria hakuna amwitaye. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 peke yake yalijengwa kwa ajili ya watu 3,840, nao ni zaidi ya watu wa vijiji vingi. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake hukuta chumba kizima cha watu waliokuwa wa kwanza. Alama yake ya kwanza ikija ya chini kuliko zote alizopata maishani, hushtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Jambo hili si uvivu. Humpata hata mwenye bidii, na mzazi aliyelijua tangu mbele hatapiga kelele Januari.

Tena iko habari ya fedha. Mkopo wa Bodi kwa chakula na malazi, ambao vijana huuita "bumu", ulipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Lakini fedha hiyo haiji kila siku. Huja kwa mafungu, na fungu la kwanza aghalabu hukawia kuliko njaa. Wiki zile za mwanzo ndizo mbaya: kijana hana rafiki wa kumkopa, hajui mahali pa chakula rahisi, na simu yake imejaa matangazo ya watu wamkopeshao kwa riba mbaya. Mzazi awezaye kuweka kando kidogo kwa ajili ya wiki hizo nne tu amefanya kazi kubwa kuliko apelekaye fungu nono mwezi wa Februari. Na anayepeleka kila mwezi achague siku moja, aishike. Hata iwe fedha ndogo. Kijana ajuaye kwamba tarehe tano atapata kidogo hupanga. Yule apataye kingi bila taratibu hula leo kama bwana harusi na kesho huomba. Wala tusimfiche hali ya nyumbani. Kumwambia kwamba biashara imekwenda vibaya mwezi huu ni kumheshimu kama mtu mzima. Kumwambia kila wiki kwamba anatufilisi ni kitu kingine.

Habari ya simu yataka busara. Zamani barua ilikawia wiki mbili, na katika wiki mbili hizo kijana alikuwa amelimaliza jambo mwenyewe. Sasa mama aweza kumsikia mwanawe mara tatu kwa siku, na wako wafanyao hivyo, na jambo dogo la asubuhi hufanywa msiba wa ukoo kabla ya adhuhuri. Tumeona kwamba simu moja au mbili kwa wiki, za utulivu, zatosha. Na swali la kwanza lisiwe la alama. Aulizwe amekula nini. Swali hilo laonekana la kizee, lakini kijana aliye salama hulijibu upesi na kucheka, na asiye salama huchelewa kidogo. Mama mwenye masikio huusikia ule ukimya. Tena tumeona binti akipigiwa kila usiku saa tatu aeleze yuko wapi, na kaka yake, aliye chuo kile kile, hapigiwi mwezi mzima. Kama ni ulinzi, mvulana naye aweza kuangamia. Kama si ulinzi, binti atajua.

Hatuwezi kupita bila kusema neno kwa wale wa Mchafukoge na Kariakoo wapokeao watoto wa ndugu zao. Ndugu wa bara huandika kwamba mpwa wako amepata chuo, tafadhali akae kwako. Nasi hupokea, kwa kuwa ni desturi njema. Lakini tukimpokea mpwa kisha tukamfanya mlinzi wa duka hata saa nne usiku, au tukampokea binti tukamkabidhi jiko na watoto wanne, hatukumsaidia mwanafunzi. Tumepata mtumishi asiye na mshahara, na baba yake huko mbali hutushukuru. Ni afadhali kusema mapema, "Nyumba yangu ni ndogo," kuliko kumpa kitanda na kumnyima usiku. Asaidie kazi, ndiyo, kama mtoto ye yote wa nyumba. Lakini awe na saa zake zinazojulikana, na taa, na mlango ufungwao.

Wale wasomao Maandiko wanamkumbuka Hana, aliyemwacha mtoto wake Samweli akae mbali naye, na kila mwaka akampelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Wahubiri husifu nadhiri yake, lakini mafundi wa cherehani wa mitaa yetu wangeuliza swali jingine: vipimo alivipata wapi? Mtoto hakuwapo. Tena mtoto hukua. Kama angalishona kwa vipimo vya mwaka uliopita, kanzu ingembana mabegani. Basi kila mwaka mama yule alikaa akamfikiri mwanawe kama alivyo sasa, si kama alivyomwacha, akakata kitambaa kikubwa zaidi kwa mtu ambaye hakumwona. Wazazi wengi wapendao sana hawajaijaribu kazi hii. Wao humngoja Desemba yule yule waliyempeleka Oktoba, na akija mwenye maneno mapya, nywele mpya, na maswali mezani, huona wamedhulumiwa.

Habari ya nywele na nguo tusipoteze wino.

Lakini neno moja limebaki, nalo ni la vitendo. Matokeo ya muhula wa kwanza yakitoka, wako watakaosema wamepata "sapu", yaani mtihani wa kurudia, mmoja au miwili. Mtihani huo si mwisho wa safari, na wengi wenye vyeti leo waliwahi kuufanya. Kijana akilisema jambo hili mwenyewe, kabla halijasemwa na mtu mwingine, basi mzazi amekwisha kupata malipo ya yote aliyoyanyamazia tangu Oktoba, naye asiyaharibu. Asimwite mjomba na shangazi waje kusikiliza. Aulize tarehe ya mtihani, somo lenyewe, na kama yuko mwenzake wa kusoma naye. Kisha aulize atakula nini. Kwa kuwa wiki za kurudia mitihani huangukia likizo, wenzake wamekwenda makwao, bwenini kuna giza, na bumu mara nyingi haipo. Ndizo wiki ambazo baba wengi huzuia fedha, wapate kumwonyesha kijana kwamba wamekasirika. Nauli ya wiki hizo, na chakula chake, viwekwe kando tangu siku ile ya kununua godoro, wala kijana asiambiwe kwamba vipo.